Neno la Jumapili na Deni la Jumatatu

Andiko la kusoma: Nehemia 5:1–13



Katika toleo hili tunawaletea wajumbe wa kamati za sharika, pamoja na wafadhili wetu, somo kuhusu mahubiri yanayogusa maisha. Tumechagua jambo moja linalosumbua nyumba nyingi: mikopo ambayo wananchi wameipa jina la “kausha damu”.

Hali yenyewe tunaifahamu. Mama ntilie anakopa shilingi 100,000 kwa ajili ya ada au dawa, anaacha kadi yake ya benki iwe dhamana. Tuseme riba ni asilimia 20 kwa mwezi. Akilipa riba tu kwa miezi 10, ametoa shilingi 200,000 na bado anadaiwa zile 100,000. Jumapili anasikia kwamba Mungu atafungua njia, anaitikia amina. Jumatatu mkopeshaji yuko mlangoni. Je, neno la Jumapili lina la kusema siku ya Jumatatu? Nehemia anatufundisha mambo manne.

1. Alisikia kilio kwanza

Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa ukijengwa, na mradi ulikwenda vizuri. Mfalme Artashasta alikuwa ametoa barua na kibali cha miti (Neh. 2:7–8). Katikati ya kazi, watu na wake zao wakalia. Wengine waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme. Baadhi ya binti zao walikuwa tayari utumwani. Na waliowadai hawakuwa adui wa nje, bali ndugu zao Wayahudi.

Mhubiri naye aanzie hapo. Mara nyingi kamati ya diakonia na viongozi wa jumuiya wanajua mengi ambayo mchungaji hajayasikia. Wamweleze hali ya mtaa kabla hajapanda mimbarini, bila kutaja jina la mtu, ili mwenye shida asiaibishwe.

2. Alisema na wahusika

Nehemia alikasirika, lakini hakukurupuka. Alitafakari moyoni, ndipo akawakemea wakuu na mashehe (aya ya 7). Hakuwahubiri wadaiwa wavumilie. Aliwaambia wanaodai waache.

Hapa ndipo penye ugumu. Anayekopesha kwa riba ya kuumiza huenda anaimba kwaya, au ndiye anayetoa zaidi siku ya harambee. Mhubiri akiachwa peke yake atanyamaza. Wazee wa kanisa wakisimama naye, atasema. Na jambo hili si geni kwa Walutheri: mwaka 1540 Martin Luther aliwaandikia wachungaji akiwahimiza wahubiri dhidi ya riba. Katekisimu Ndogo nayo, katika amri ya saba, inafundisha kwamba haitoshi kutoiba. Tumsaidie jirani kuitunza na kuiendeleza mali yake.

3. Alianza na nyumba yake

Katika aya ya 10 Nehemia anakiri kwamba yeye, ndugu zake na watumishi wake nao wanakopesha fedha na nafaka. Hakujitoa kwenye hesabu. Kwa hiyo usharika ujiulize kuhusu michango na ahadi zake: yuko msharika anayekopa ili jina lake lisisomwe miongoni mwa ambao hawajamaliza ahadi?

4. Alidai tendo, tena siku ile ile

Nehemia alitaja vitu kwa majina: mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba, na ile sehemu ya mia waliyotoza. Wafafanuzi wengi huisoma kuwa asilimia moja kwa mwezi. Tukilinganisha na mfano wetu wa asilimia 20, tuna la kutafakari. Kisha aliwaita makuhani, watu wakaapa. Kusanyiko likasema amina, na wakatenda walivyoahidi.

Kwetu, mahubiri ya namna hii yafuatiwe na hatua. Kikundi cha kuweka na kukopa kianzishwe, chenye daftari linalosomeka na mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Awepo mtu wa kumsomea mwenzake mkataba kabla hajatia sahihi. Washarika waulize kama mkopeshaji ana leseni, kama inavyotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Wenye simu nao wawe macho: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila kibali.

Neno kwa wafadhili

Miti ya mfalme ilisaidia kujenga malango, lakini haikumrudishia mtu shamba lake. Hilo lilihitaji toba ya wenyeji. Vivyo hivyo, fedha za kulipa madeni zikitoka nje zitaishia kwa mkopeshaji yule yule, na mwezi ujao atabisha hodi tena. Msaada unaodumu ni mafunzo ya watunza hazina wa vikundi, vitabu vya hesabu na ushauri wa sheria. Ukuta ulikamilika kwa siku 52 (Neh. 6:15), na waliojenga walikuwa watu ambao kilio chao kilisikilizwa.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wenu, watu hukopa kwa nani, na kwa sababu zipi?
2. Mchungaji akihubiri Nehemia 5, nani ataudhika? Kamati itasimama wapi?
3. Ni mchango gani wa usharika unaoweza kupunguzwa au kusogezwa mbele ili wadaiwa wapumue?

Majibu yenu yaandikwe katika muhtasari wa kikao na kutumwa ofisi ya miradi ya dayosisi. Mungu awabariki na kuitia nguvu kazi ya mikono yenu.