Hodi ya Kivinjari na Jibu la Seva Ndogo

Chukua kifaa kinachopima kina cha maji katika tangi la shule. Ndani yake mna kompyuta ndogo mno, yenye kumbukumbu ya kilobaiti makumi machache tu, pamoja na programu ya seva inayokionyesha kivinjari kipimo hicho. Kwa kanuni za HTTP zilizozoeleka, seva haisemi mpaka iulizwe. Kivinjari kinachotaka kujua kila badiliko hulazimika kuuliza tena na tena, na kila swali hubeba mistari ya utangulizi yenye mamia ya baiti, ilhali jibu lenyewe ni tarakimu mbili tatu.

Itifaki ya WebSocket, iliyotangazwa Desemba 2011, iliondoa kero hiyo. Baada ya maafikiano ya mwanzo njia hubaki wazi, na kila upande husema wakati wowote. Maafikiano hayo ndiyo huwakwamisha wengi wanaoiongeza itifaki hii katika seva ndogo.

Kivinjari hubisha hodi kwa ombi la kawaida la HTTP, kikiomba kubadili itifaki. Ndani ya ombi hilo mna mstari uitwao Sec-WebSocket-Key, nao hubeba ufunguo: baiti 16 za kubahatisha zilizoandikwa kwa herufi za Base64. Seva haitakiwi kuitikia "karibu" tupu. Huchukua herufi za ufunguo kama zilivyo, bila kuzifumbua, ikaziunganisha na mfuatano usiobadilika, 258EAFA5-E914-47DA-95CA-C5AB0DC85B11, ikapitisha yote katika hesabu ya SHA-1, kisha ikaandika matokeo kwa Base64. Jibu hurudishwa katika mstari wa Sec-WebSocket-Accept, likitanguliwa na namba ya hali 101.

Mathalani, ufunguo dGhlIHNhbXBsZSBub25jZQ== sharti utoe s3pPLMBiTxaQ9kYGzzhZRbK+xOo=. Mwanafunzi na aujaribu mfano huu kabla ya kuunganisha kivinjari chochote. SHA-1 hutoa baiti 20, nazo kwa Base64 huwa herufi 28. Akipata herufi 56, ajue kwamba ameziandika kwanza baiti hizo kwa namba za msingi wa 16, zikawa herufi 40, ndipo akazigeuza. Kosa hili ni la kawaida sana, na kivinjari hukata mawasiliano papo hapo.

Yafaa ieleweke kwamba hesabu hii hailindi siri yoyote. Mwaka 2017 watafiti walionyesha faili mbili tofauti zenye matokeo mamoja ya SHA-1, lakini udhaifu huo haudhuru kazi hii. Kinachothibitishwa ni kwamba seva inaifahamu WebSocket kwa kweli: isiyoifahamu, hata ikirudisha ufunguo ulioupokea kama mwangwi, haitapata jibu sahihi.

Limebaki jambo moja. Seva nyingi ndogo hufunga njia mara zinapomaliza kujibu. Baada ya namba 101 tabia hiyo lazima izuiwe, na kila njia iliyo wazi hula sehemu ya kumbukumbu ile haba. Hivyo mtengenezaji huweka kikomo, pengine njia nne, na abishaye baada ya nafasi kujaa hujibiwa kwa namba 503.