Anza na Dakika Zilizotangulia

Mtoto wa darasa la awali akimng'ata mwenzake, wengi wetu huanza na swali moja: kwa nini kafanya hivyo? Yeye mwenyewe hawezi kulijibu, hasa akiwa na usonji, ulemavu wa akili au usikivu hafifu. Lipo swali jingine ambalo mwalimu anaweza kulijibu kwa macho na masikio yake: dakika chache kabla ya hapo kulikuwa na nini? Kazi kubwa ya kujenga tabia njema katika darasa jumuishi hufanyika katika dakika hizo, nazo ndizo tunazozipuuza.

Chukua daftari la kawaida, ugawe ukurasa safu tatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata papo hapo. Pembeni andika saa. Andika ulichokiona tu. "Alikuwa mkorofi" haitakusaidia kesho. "Alimwaga vizibo, akaingia chini ya meza" itakusaidia. Najua hali ya madarasa yetu. Kiwango kilichowekwa Tanzania kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na shule nyingi zimekipita mbali. Kwa hiyo anza na mtoto mmoja na tabia moja, ile inayoumiza watu au inayomnyima kujifunza kuliko zote. Wiki mbili za kuandika kwa kawaida zinatosha kuonyesha njia.

Tuseme ni msichana wa miaka sita mwenye usonji, hajaanza kuongea, na tatizo ni kupiga. Jumatatu saa nne, foleni ya uji, kampiga mwenzake mgongoni. Jumanne vilevile. Jumatano uji ulichelewa, foleni ikarefuka, kapiga wawili. Alhamisi mvua ilinyesha, watoto wakanywea uji darasani wameketi mkekani: hakumgusa mtu. Tayari unaona kwamba "mtoto anayepiga" ni jina lisilomfaa, maana darasani hapigi. Anapiga penye msongamano, kelele na kungoja kusikojulikana mwisho wake. Sasa soma safu ya tatu. Kila alipopiga, mwalimu wa zamu alimtoa kwenye foleni akampa uji wa kwanza ili anyamaze. Kwa mtoto asiye na maneno, ngumi imempatia vyote viwili alivyovitaka: nafasi na uji.

Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Kwanza badilisha kilichotangulia: aende jikoni na mwenzake mmoja anayempenda kabla kengele haijagongwa, au asimame ukutani ambako hasukumwi kutoka pande zote. Mjulishe mapema kwa kumwonyesha kikombe chenyewe, maana mabadiliko ya ghafla huwavuruga watoto wengi wenye usonji. Kisha, na hili ndilo la maana kuliko yote, mfundishe namna nyingine ya kusema kile ngumi ilichokuwa inasema. Mpe kadi yenye picha ya kikombe amkabidhi mtu mzima, au mfundishe kuinua kiganja kwa maana ya "nipisheni". Mfundishe akiwa ametulia, mshike mkono mara nyingi mpaka azoee. Watafiti Edward Carr na Mark Durand walionyesha jambo hili mwaka 1985 huko Marekani: watoto wenye ulemavu waliofundishwa kuomba msaada au kuomba kuangaliwa walipunguza sana vurugu, kwa kuwa njia mpya iliwapatia kilekile. Sharti lake ni kwamba njia mpya iwe rahisi kuliko ya zamani na ijibiwe haraka. Siku za mwanzo, kila akitoa kadi apate uji palepale. Ukimwambia "ngoja kwanza" siku ya pili tu, umemrudisha kwenye ngumi. Kungoja kutafundishwa baadaye, kidogo kidogo: mtoto mmoja mbele yake, kisha wawili.

Mambo mengine yanafaa darasa zima. Ratiba ya picha ni mojawapo. Tangu mwaka 1972 mpango wa TEACCH, wa kuwahudumia wenye usonji, ulioanzishwa na Eric Schopler katika Chuo Kikuu cha North Carolina umetumia wazo hili, kwamba mpangilio wa siku uonekane kwa macho. Kwetu inatosha kipande cha boksi, karatasi ya manila na michoro ya mkono: wimbo, hesabu, uji, michezo, nyumbani. Iwe usawa wa macho ya watoto, na kazi ikiisha kadi igeuzwe. Kwa asiyeona, au asiyeelewa picha bado, tumia vitu halisi: kijiko kwa uji, kizibo kwa hesabu.

Ulimi nao una kazi yake. Sema unachotaka kifanyike: "tembea" badala ya "acha kukimbia". Kisha nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kurudia. Wapo watoto wanaohitaji muda huo ili neno lifike. Ukisifu, taja kitendo: "Umesubiri zamu yako, vizuri sana." Na jihadhari na makofi ya darasa zima. Kwa mtoto anayeumizwa na kelele, zawadi hiyo ni adhabu. Wenzake wanaweza kupunga mikono.

Adhabu yenyewe nitaizungumzia waziwazi. Kumtoa nje mtoto anayevuruga ili akwepe hesabu ni kumlipa kwa kuvuruga, na kesho atavuruga mapema zaidi. Kiboko hakimfundishi asiyeweza kuongea namna ya kuomba msaada. Kinamfundisha kumwogopa mtu pekee ambaye angemsaidia. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001. Nchini Tanzania, kanuni zinamwachia kuchapa mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, na kwa makosa mazito tu. Kilio cha mtoto wa awali kwenye foleni si kosa zito.

Kabla hujaamua kwamba ni tabia, uliza pia mwili wake. Mtoto anayekodoa macho ghafla, asiitike kwa sekunde kadhaa, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, huenda ana aina ya kifafa isiyoangusha, si uzembe wa kusikiliza. Masikio yanayotoa usaha humfanya aonekane mkaidi. Fenobabitoni, dawa ya kifafa inayotumika sana kwetu, huwafanya baadhi ya watoto wasitulie. Usishauri iachwe hata siku moja, maana kuikatiza ghafla ni hatari. Mwombe mzazi awaeleze wahudumu wa kliniki.

Na mzazi mwenyewe usimwite kwa mabaya tu. Mama anayesubiriwa langoni kila siku na orodha ya makosa ataanza kumtuma jirani kumchukua mtoto. Mwambie jema moja la siku hiyo, kisha umwulize: "Mama Neema, huyu nyumbani akikasirika huwa mnamtulizaje?" Jibu lake, pengine wimbo fulani, pengine kitenge cha bibi cha kujifunika, linaweza kukuokolea wiki nzima ya kubahatisha.

Shule zikifungwa Desemba, daftari lisibaki kabatini. Mkabidhi mwalimu wa darasa la kwanza pamoja na kadi ya kikombe, na mwonyeshe jinsi mtoto anavyoitumia. Ikiwezekana, mpeleke mtoto akalione darasa hilo jipya likiwa tupu na kimya, ajue dawati lake liko wapi, kabla Januari haijamkutanisha na umati.