SOMO: WAZEE WETU WALIFUA CHUMA



Unapolima huku Ufipa, pengine jembe lako limewahi kugonga kitu cheusi, kizito, kama jiwe lililoungua. Hilo si jiwe. Ni mavi ya chuma, yaani takataka zilizobaki wazee wetu walipoyeyusha chuma. Leo tujifunze habari zao.

Nchi yetu iko juu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Masimulizi yanasema utawala wa kwanza ulikuwa Milansi, mahali pa wafua chuma. Siku moja mtemi hayupo, wakaja wanawake wageni wa ukoo wa Twa. Wakakalia kiti chake, wakachukua nchi. Mtemi akabaki na Milansi tu. Baadaye nchi ikawa mbili: Nkansi na Lyangalile. Watawala waligombana, lakini wote walikuwa Wafipa.

Tanuri la kuyeyushia chuma liliitwa ilungu. Mengi ni malungu. Lilijengwa kwa udongo, refu kama mita 3. Halikuvukutwa. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini, ukakoleza makaa. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto, kikafuliwa jembe. Kwa jembe hilo wazee walifukia majani katika matuta ya mviringo. Majani yakaoza, yakawa mbolea.

Wakati wa ukoloni yalikuja majembe ya kiwandani. Moto wa malungu ukazimika. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu. Mwaka 1974 ulianzishwa Mkoa wa Rukwa, makao makuu Sumbawanga. Jina la Nkansi limebaki katika Wilaya ya Nkasi. Leo mkoa wetu unasifika kwa mahindi.

Malungu machache bado yamesimama. Lakini ni udongo: mvua inayala, na mwenye kutafuta shamba huyabomoa. Wazee waliosimuliwa kazi ile na baba zao nao wanapungua. Mzee akifa, naye habari zake zimekwenda.

Zamani tulisema, "Hatujui kuandika." Sasa tunajua, hatuna tena sababu. Chukua daftari, nenda kwa babu au bibi kijijini. Msalimu, kaa chini, uliza, andika. Weka jina lake na tarehe. Na ukikuta ilungu shambani, usilibomoe. Mwarifu mwenyekiti wa kijiji.

MASWALI
1. Mavi ya chuma ni nini?
2. Upepo uliingiaje katika ilungu?
3. Kijijini kwenu ni mzee gani wa kuulizwa kwanza?