Hadhari kwa Wanaosafishwa Damu kwa Njia ya Tumbo

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaarifiwa kwamba mgonjwa wa figo asafishwaye damu kwa njia ya tumbo huishi na mpira laini uliopenyezwa katika ngozi ya tumbo lake. Kwa mpira huo hutiwa maji maalumu, yakakaa saa kadhaa yakivuta uchafu wa damu kupitia utando wa ndani, kisha hutolewa na kutiwa mengine. Abadilishaye kwa mkono hufanya hivyo, kwa kawaida, mara 4 kwa siku, yaani mara 1,460 kwa mwaka. Na kila mpira ufunguliwapo, vijidudu huweza kupata njia.

Basi kabla ya kuunganisha, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo, kisha ikaushwe kabisa, kwani mkono uliorowa huhamisha vijidudu kwa wepesi kuliko mkavu. Aliyetoka kutawadha naye hana budi kuosha tena kwa sabuni. Pua na mdomo vifunikwe kwa barakoa, madirisha yafungwe, na panka izimwe japokuwa joto ni kali. Paka naye atolewe chumbani. Wapo wanaolicheka jambo hili, lakini madaktari wa nchi mbalimbali wameandika habari za wagonjwa walioambukizwa baada ya paka kutoboa mipira yao kwa meno.

Pale mpira utokeapo kwenye ngozi pasafishwe na kupakwa kila siku dawa aliyoagizwa mgonjwa, na mpira ubandikwe plasta usivutwe na nguo. Asijitose baharini bila ya idhini ya daktari. Wekundu, uvimbe au usaha ni vya kuonyeshwa hospitali mapema.

Zamu ya mchana huangukia saa za kazi. Wakuu wa idara wanaombwa kumpa mtumishi wa namna hii chumba safi chenye mlango wa kufungwa, wala si choo wala ghala, pamoja na muda usiopungua nusu saa. Anayeharakishwa ndiye asahauye kunawa.

Maji yatokayo huwa maangavu. Yakiwa na ukungu, hata maandishi ya gazeti lililowekwa nyuma ya mfuko yasisomeke, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje homa wala maumivu ya tumbo, na asimeze vidonge vilivyosalia nyumbani. Mfuko huo usimwagwe. Auchukue, ili maabara ipate kumtambua kijidudu na daktari achague dawa impasayo.