Mng'ao wa Mahindi Si Kipimo cha Sumukuvu

Chukulia kwamba umefika katika soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, na muuzaji anakuonyesha katika simu yake picha ya mahindi yaliyomulikwa gizani kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno. Hakuna punje hata moja inayong'aa. Anakuhakikishia kuwa mzigo wake ni salama. Je, picha hiyo imethibitisha nini?

Usalama haijauthibitisha. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina ladha, wala haiangamizwi na moto wa kupikia ugali. Hutengenezwa na kuvu inayoshambulia mahindi na karanga, hasa zao linapopatwa na ukame shambani au linapohifadhiwa kabla halijakauka vizuri. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, mlipuko wa sumu hiyo uliwapata watu 68, na 20 kati yao walifariki dunia.

Ni kweli kwamba sumukuvu yenyewe hung'aa. Aina zake kuu ni B1, B2, G1 na G2, na herufi hizo zinatokana na majina ya Kiingereza ya rangi ya buluu na kijani, yaani rangi ambazo sumu hizo hutoa zikishatenganishwa maabara na kumulikwa. Lakini mng'ao wa kijani-manjano unaoonekana kwenye punje iliyovunjika si wa sumu hiyo. Hutokana na asidi ya kojiki, ambayo kuvu hiyo hiyo huitoa, baada ya kubadilishwa na vimeng'enya vya punje ambayo bado i hai. Hiyo ndiyo taswira ya pili: tunaona nyayo za kuvu, hatuioni sumu. Kuvu yaweza kuwapo bila kutoa sumu, na sumu yaweza kuwamo katika punje isiyong'aa kabisa. Picha ya simu huongeza umbali huo, kwa kuwa kamera hurekebisha rangi na mwanga kwa namna yake, na huonyesha tu punje zilizo juu.

Wakaguzi hawaudharau mng'ao. Ukionekana, mzigo hutiliwa shaka na kupelekwa maabara. Usipoonekana, hakuna lililothibitika.

Aidha, sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Ndiyo maana sampuli huchotwa kwa bambo katika magunia mengi na sehemu mbalimbali za gunia, kisha husagwa na kuchanganywa kabla ya kupimwa. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi hakiruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na B1 pekee isizidi 5.

Anayenunua shehena adai matokeo ya maabara yanayohusu shehena hiyo hiyo, si ya msimu uliopita. Anayenunua debe moja hatapata cheti, nasi hatuwezi kumwambia vinginevyo. Yeye achambue: atoe punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi. Kukoboa nako hupunguza sumu, maana sehemu yake kubwa hukaa katika ganda na kiini. Tunafahamu kwamba wapenda dona hawatafurahia ushauri huu.

Punje zilizotengwa zisipelekwe kwenye pombe wala kwa kuku. Ng'ombe naye asipewe: akizila, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa.