Dondoo Muhimu: Maji ya Hodhi la Samaki wa Bahari

Aliyeazimia kufuga samaki wa bahari nyumbani hana budi kufahamu kwamba wengi wa viumbe hao hufishwa na maji kabla ya kufishwa na maradhi. Kwa hiyo na ayazingatie haya.

1. Usitie samaki mpaka maji yamekomaa, jambo ambalo aghalabu huchukua majuma 4 hadi 6, na vipimo vya amonia na nitriti vyote viwili vimesoma sifuri.

2. Maji yapunguayo kwa kugeuka mvuke yafidie kwa maji matamu yaliyosafishwa, kamwe si kwa maji ya chumvi, kwa kuwa maji huruka ilhali chumvi husalia, na mwenye kughafilika hapa huzidisha ukali wake siku hata siku pasipo kujua. Kosa hili ndilo baya kuliko yote.

3. Chumvi iwe takriban gramu 35 katika kila kilo ya maji.

4. Ikoroge ndooni, si hodhini.

5. Maji ya bomba yaondoe klorini kwanza.

6. Kipimo cha pH, kipasacho kuwa baina ya 8.1 na 8.4, kitwae saa ile ile kila mara, maana hushuka usiku.

7. Usimimine kalisi na alkali kwa pamoja, zisije zikagandamana zikawa chokaa.

8. Ukiona samaki anatweta, tafadhali pima amonia kabla ya kukimbilia dawa.