Upimaji wa Stadi za Awali za Kusoma kwa Watoto Wasukuma wa Bariadi: Suala la Lugha ya Kipimo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili upimaji wa stadi za awali za kusoma katika madarasa ya awali ya Bariadi, yaliko makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia elimu ya awali. Ile ya mwaka 2014 iliifanya elimu hiyo kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja. Hata hivyo, watoto wengi wa vijijini huingia darasani wakiwa na umilisi wa Kisukuma zaidi kuliko wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha Kiswahili pekee hupima stadi ya kusoma na umilisi wa lugha kwa pamoja, kisha hutoa alama moja isiyoonyesha ni lipi lililopungua.

2.0 Tofauti za Kifonolojia

Kisukuma (F21 katika uainishaji wa Guthrie) na Kiswahili (G42) ni lugha za Kibantu. Lakini Kisukuma kina irabu saba, zinazotofautiana pia kwa urefu, na kina toni. Kiswahili Sanifu kina irabu tano na hakina toni. Aidha, Kisukuma hakipambanui /l/ na /r/ kifonimu. Mtoto anayesoma *rangi* kuwa *langi* hapaswi kuhesabiwa mara moja kuwa hajui herufi. Aombwe kwanza kuonyesha *r* na *l* kwa kidole. Akizitofautisha kwa macho, kosa ni la matamshi tu.

3.0 Ung'amuzi wa Silabi

Katika zoezi la kupiga kofi kwa kila silabi, neno *mtoto* lina silabi tatu: m-to-to. Mtoto aliyezoea kiambishi *mu-*, kama katika *munhu* (mtu), huweza kutamka *mutoto* na kupiga makofi matatu. Mpimaji anayesikiliza matamshi humnyima alama. Anayehesabu makofi hugundua kuwa stadi ipo. Vivyo hivyo, aitaye picha ya mbuzi *mbuli*, kisha akapiga makofi mawili, amekosa msamiati wa Kiswahili, si stadi inayopimwa.

4.0 Mapendekezo

Tathmini ya kitaifa ya stadi za kusoma ya mwaka 2013 iliwahusu wanafunzi wa darasa la pili, ambao walikwishafundishwa kwa Kiswahili. Mbinu za namna hiyo haziwezi kuhamishiwa kwa mtoto wa miaka mitano bila marekebisho yafuatayo:

(a) Maelekezo yatolewe kwa Kisukuma. Mwalimu asiyekijua asaidiwe na mtu mzima wa kijijini.

(b) Ung'amuzi wa silabi upimwe kwa maneno ya Kisukuma, kisha ya Kiswahili.

(c) Herufi zipimwe kwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya maandishi darasani.

(d) Msamiati wa Kiswahili uwe na alama zake peke yake.

5.0 Hitimisho

Utaratibu huu haupingani na sera, kwa kuwa lugha ya kufundishia inabaki Kiswahili. Unachobadili ni hukumu. Mtoto aliyepungukiwa na Kiswahili anahitaji hadithi na mazungumzo. Aliyepungukiwa na herufi anahitaji herufi. Alama moja ya sifuri huwaweka wote wawili katika kundi la "wazito", na mmoja wao hupewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.